Saa ya Ziada Hailipwi kwa Kukadiria

Hotuba hii ilitolewa mjini Morogoro mbele ya waajiri wenye viwanda vidogo, nyumba za wageni, shule binafsi na kampuni za ulinzi. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Majedwali yaliyoonyeshwa ukutani yameachwa, na hesabu zake zimeelezwa kwa maneno.

Ndugu mwenyekiti, ndugu waajiri, mabibi na mabwana,

Nimeombwa niseme juu ya malipo ya saa za ziada, yale ambayo wafanyakazi wetu wanayaita ovataimu, na nitasimama kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, ambayo ndiyo inayotumika Tanzania Bara. Wenye matawi Unguja na Pemba wakumbuke kwamba Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Namba 11 ya mwaka 2005, kwa hiyo wasizichukue hesabu za huku wakazipeleka kule.

Katika kazi yangu ya kuwasaidia waajiri mbele ya maafisa kazi na mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, sijakutana na waajiri wengi waliokusudia kumdhulumu mfanyakazi. Niliokutana nao kwa wingi ni wale waliokadiria. Walikadiria saa, walikadiria kiwango, walikadiria kwamba mfanyakazi ameridhika kwa sababu hajalalamika, na siku ya siku wakaambiwa walete karatasi, wakawa hawana. Ndiyo maana leo sitawahubiria huruma, ingawa huruma ina mahali pake. Nitawaeleza hesabu, na nitarudia neno moja mpaka mnichoke: tusikadirie.

Tuanze na swali ambalo kila mmoja wetu anadhani anajua jibu lake. Saa ya ziada inaanza lini?

Wengi mtasema inaanza baada ya saa tisa za kazi kwa siku. Jibu hilo ni sahihi nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayotugharimu. Kifungu cha 19 cha Sheria ya mwaka 2004 kimeweka mipaka mitatu ya kazi ya kawaida: siku sita kwa wiki, saa 45 kwa wiki, na saa tisa kwa siku. Kila mpaka unasimama peke yake, kwa maana kwamba ukiuvuka mmoja tu tayari umeingia kwenye saa za ziada, hata kama ile mingine hujaigusa.

Kuna mama mmoja mwenye mashine za kusaga na kufungasha unga, mchapakazi kweli kweli, ambaye aliniambia kwa kujiamini kwamba kwake hakuna ovataimu. Wafanyakazi wake waliingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni, wakila mchana kwa saa moja, Jumatatu mpaka Jumamosi, na Jumapili kila mtu alikuwa kwake. Nikamwomba tuhesabu pamoja. Tangu kuingia mpaka kutoka ni saa kumi. Ukitoa saa ya chakula zinabaki tisa. Hapo mama akatabasamu, kwa sababu tisa ndio mpaka. Nikamwambia, sasa zidisha kwa sita. Tisa mara sita ni 54. Hakuna siku hata moja iliyozidi, ila wiki nzima imezidi kwa saa tisa, na saa hizo tisa zilikuwa hazijalipwa tangu mashine ya kwanza ilipofungwa.

Je, ni wangapi humu ndani mnaofungua saa mbili na kufunga saa kumi na mbili, siku sita? Msinyooshe mikono. Fanyeni hesabu kimyakimya.

Kuhusu saa ya chakula, mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano anastahili mapumziko ya angalau dakika 60. Mwajiri halazimiki kuilipia saa hiyo, isipokuwa kama amemtaka mfanyakazi afanye kazi au awepo tayari kwa kazi. Likumbukeni sharti hilo, maana nitalirudia nikifika kwa walinzi.

Na kwa wale wanaonong'ona kwamba haya ni mambo mapya ya kubana wafanyabiashara, niseme tu kwamba mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, ulihusu saa za kazi viwandani: saa nane kwa siku na 48 kwa wiki, na nyongeza ya angalau robo ya malipo kwa saa zinazozidi. Hoja hii ina umri wa zaidi ya karne moja. Sisi tunaidai nusu badala ya robo, na saa zetu za kawaida kwa wiki ni pungufu kidogo.

Sasa tuje kwenye fedha zenyewe. Kiwango cha chini cha saa ya ziada ni mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Neno zito hapo ni «msingi». Posho ya nyumba, posho ya usafiri, nyongeza ya kazi za usiku, na malipo ya saa za ziada zenyewe haziingii kwenye mshahara wa msingi. Hilo ni jambo la nafuu kwa mwajiri, lakini lina sharti: mkataba na hati ya mshahara vionyeshe wazi kipi ni mshahara na kipi ni posho. Anayeandika tarakimu moja tu, «mshahara 500,000», asije kesho akasema laki moja ya humo ilikuwa posho ya nauli. Nani atamwamini?

Tumchukue mfanyakazi wa yule mama, mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 kwa mwezi. Saa yake moja ni shilingi ngapi? Mhasibu wa pale alikwisha kuelewa kwamba kuna saa za kulipa, akakaa na kikokotoo chake, akagawanya 390,000 kwa siku 30, kisha akagawanya kwa saa tisa. Akapata shilingi 1,444 na senti zake. Akazidisha kwa moja na nusu, akapata takriban 2,167, akalipa, akalala usingizi.

Kosa lake liko wapi? Amegawanya mshahara kwa siku ambazo mtu huyo hafanyi kazi. Jumapili zote za mwezi zimeingia kwenye kigawanyo kana kwamba mtu alikuwa mashineni. Jedwali la kwanza la Sheria limetoa njia yake: mshahara wa mwezi unagawanywa kwa idadi ya saa za kawaida za wiki ikizidishwa kwa 4.333, ambayo ndiyo idadi ya wiki katika mwezi wa wastani. Kwa mtu wa saa 45, kigawanyo ni 194.985, tuseme 195. Gawanya 390,000 kwa 195, unapata shilingi 2,000. Mara moja na nusu ni shilingi 3,000.

Tofauti ya 2,167 na 3,000 ni shilingi 833 kwa saa. Inaonekana ndogo, sivyo? Saa tisa kwa wiki, wiki nne, ni saa 36. Hapo kila mfanyakazi amepunjwa shilingi 30,000. Wafanyakazi walikuwa 20. Ni shilingi laki sita kwa wiki nne, na hiyo ni kwa mwajiri ambaye anadhani amelipa. Niliwaambia tusikadirie. Mhasibu naye asikadirie.

Kwa mtu huyohuyo wa shilingi 2,000 kwa saa, tumalize viwango vilivyobaki. Akifanya kazi katika mapumziko yake ya wiki, ambayo ni saa 24 mfululizo, kila saa inalipwa mara mbili: shilingi 4,000, tena lazima awe amekubali mwenyewe kufanya kazi siku hiyo. Sikukuu ya umma nayo ni mara mbili. Kazi ya usiku, yaani kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza ya asilimia tano ya mshahara wa msingi kwa kila saa, kwa hiyo shilingi 100. Na kama saa hiyo ya usiku ni ya ziada pia, asilimia tano inapigwa juu ya kile kiwango cha ziada, kwa hiyo 3,000 inakuwa 3,150. Watoto walio chini ya miaka 18, wajawazito waliobakiza miezi miwili kujifungua, na kina mama ndani ya miezi miwili baada ya kujifungua, msiwapange usiku kabisa, na wala msijadiliane nao juu ya jambo hilo.

Ndugu zangu, nimetumia muda mrefu kwenye hesabu kwa makusudi. Lakini yupo mwajiri anayelipa kila shilingi kwa kiwango sahihi na bado anavunja sheria. Anawezaje?

Anaweza, kwa sababu malipo si kibali. Sheria imesema saa za ziada zifanywe kwa makubaliano, zisizidi 50 katika kila wiki nne, na siku ya kazi pamoja na ziada yake isizidi saa 12. Fedha haifuti mipaka hiyo. Mmiliki mmoja wa ghala alikuwa na walinzi wawili, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku, zamu za saa 12, kila mmoja siku sita. Zamu mbili zilizobaki za wiki alikuwa anazishika mtunza bustani. Mmiliki huyo alikuwa mtu muungwana, na saa zote alizilipa. Tukakaa tukahesabu. Zamu ya saa 12, ukitoa saa moja ya chakula, ni saa 11. Mara sita ni 66. Toa 45 za kawaida, zinabaki 21 kwa wiki, na kwa wiki nne ni 84. Mwisho wa sheria ni 50. Kwa hiyo kila baada ya wiki nne kila mlinzi alikuwa na saa 34 ambazo hazikupaswa kufanywa kabisa, hata kwa fedha yote ya ghala.

Akaniuliza swali la haki: nifanyeje, nifunge geti usiku?

Nikamwambia hapana, ongeza mlinzi mmoja, na mwandikiane makubaliano ya kubana wiki. Sheria inaruhusu, kwa makubaliano ya maandishi, mfanyakazi afanye hadi saa 12 kwa siku, saa ya chakula ikiwa humohumo, bila kuhesabiwa saa za ziada za siku. Ila asizidi siku tano kwa wiki, asizidi saa 45 za kawaida kwa wiki, na ziada yake isizidi saa kumi kwa wiki. Tazameni inavyokaa vizuri. Geti moja, mchana na usiku, lina zamu 14 kwa wiki. Walinzi watatu: wawili wanashika zamu tano tano, wa tatu anashika nne, na wiki inayofuata wanapokezana nani apate nne. Mwenye zamu tano amefanya saa 55, yaani 45 za kawaida na kumi za ziada zinazolipwa moja na nusu. Mwenye zamu nne amefanya saa 44, hana ziada. Hakuna atakayefika 50 katika wiki nne, na mtunza bustani amerudi kwenye maua yake.

Lakini, na hapa narudi kwenye lile sharti, mlinzi anakula wapi? Kama anakula wali wake pale pale getini huku jicho moja liko barabarani, na gari likipiga honi anainuka kufungua, hiyo si saa ya mapumziko. Hiyo ni kazi. Na ikiwa ni kazi, zamu yake ni saa 12 kamili, zamu tano ni 60, na mpango wote niliowaeleza umevunjika. Mtu wa kumpokea kwa saa moja lazima awepo, na jina lake liandikwe. Nimeona mipango mizuri ikiangushwa na sahani ya wali.

Wako watakaosema, mimi wafanyakazi wangu hawahusiki, wote ni mameneja. Ni kweli kwamba masharti haya ya saa hayamhusu mfanyakazi anayewasimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na anayeripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Lakini nimewahi kuonyeshwa nyumba ya wageni ambamo palikuwa na meneja wa mapokezi, meneja wa usafi, na meneja wa jiko, na kila meneja alikuwa peke yake katika idara yake. Anamsimamia nani? Anajisimamia mwenyewe na ufagio wake. Afisa kazi haangalii cheo kilichoandikwa kwenye mkataba. Anaangalia mtu huyo anafanya nini kuanzia asubuhi.

Dharura nayo imekuwa kichaka cha kujifichia. Sheria imelegeza mipaka ya saa kwa kazi ya dharura ambayo haiwezi kufanywa katika saa za kawaida, na ni busara: ukuta wa ghala ukianguka usiku wa mvua, huwezi kuanza kutafuta makubaliano ya maandishi wakati magunia yanalowa. Hata hivyo, kilicholegezwa ni mipaka, si malipo. Saa zile zitalipwa. Na oda ya mteja iliyochelewa kuingia si dharura. Msimu wa shule kufunguliwa, kwa mwenye kushona sare, si dharura, kwa sababu shule hufunguliwa kila mwaka na kalenda tunayo.

Sasa nifike mahali ambapo waajiri wengi wanaangukia, nako ni kwenye daftari.

Mwajiri mmoja, mwenye karakana ya samani, aliitwa kwenye Tume na fundi ambaye yeye mwajiri alikuwa amemwachisha kazi. Fundi alidai mambo kadhaa, na ndani yake saa za ziada za muda mrefu. Mwajiri alikuja na wakili, na alikuja na hasira, akasema huyu kijana hakuwahi kubaki hata siku moja zaidi ya saa kumi na moja jioni. Msuluhishi akauliza: liko wapi daftari la mahudhurio? Halikuwepo. Mashine ya alama za vidole ilikuwepo, ila kumbukumbu zake zilikuwa zimefutwa ilipobadilishwa. Mkataba wa maandishi? Walikubaliana kwa mdomo, kwa kuwa walikuwa wanafahamiana kwa wazazi. Ndipo fundi akatoa kaunta buku iliyokunjika pembe, iliyoandikwa kwa kalamu tofauti tofauti: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na kabati la nani lilikuwa linamaliziwa siku ile.

Simuahidi mtu kwamba kila kaunta buku inaaminiwa. Lakini fikirini ninyi mngekuwa msuluhishi: huku kuna kitabu chenye tarehe, huku kuna mtu anayesema «hapana» kwa sauti kubwa. Na Sheria imekwenda mbali zaidi, kwa kuwa mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya maandishi ya ajira yake, yakiwemo saa za kazi, na asipoweza kuyatoa mbele ya shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unamwangukia yeye. Walimalizana kwenye usuluhishi, kwa kiasi ambacho kingetosha kumlipa karani wa mahudhurio kwa muda mrefu sana.

Kwa hiyo daftari lenu liwe na nini? Saa ya kuingia, saa ya kutoka, saa ya kwenda na kurudi kula, na saini ya mfanyakazi mwenyewe, kila siku, si mwisho wa wiki kwa kumbukumbu. Ukurasa wa saa za ziada uonyeshe nani aliidhinisha kabla kazi haijaanza. Sheria imekataza kumtaka mfanyakazi afanye kazi kupita kiasi, na pia imekataza kumruhusu. Kwa hiyo mwajiri anayemwona mtu amebaki na taa zinawaka, akanyamaza, asiseme baadaye kwamba hakumwagiza. Hati ya mshahara itenganishe mstari wa saa za ziada: saa ngapi, kwa kiwango gani, jumla ngapi. Fedha hiyo ina kodi ya mapato kama mshahara mwingine, basi isitoke kwenye droo ikiwa ndani ya bahasha. Kisha kumbukumbu zitunzwe miaka mitano baada ya ajira kwisha.

Msitegemee muda kupita. Ni kweli malalamiko ya aina hii hupelekwa kwenye Tume ndani ya siku 60, lakini muda huo huweza kuongezwa kwa sababu ya msingi, na afisa kazi ana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi, kukagua vitabu na kutoa amri ya utekelezaji bila kusubiri mtu alalamike.

Kabla ya mkutano, mzee mmoja aliniandikia karatasi akiuliza: vipi kuhusu deni la nyuma, kama mtu amegundua leo kwamba amekuwa akipunja? Mzee wangu, lihesabu deni hilo mtu kwa mtu kwa kigawanyo cha 195, kama watu wako ni wa saa 45. Waite, na kama wana chama cha wafanyakazi uwaite na viongozi wao, uwaonyeshe hesabu, mwandikiane namna ya kulilipa. Kama huwezi mara moja, lilipwe kwa awamu zenye tarehe. Usiwape karatasi ya kusaini kwamba hawadai kitu wakati unajua wanadai. Na usiseme utawapa siku za kupumzika badala ya fedha, kwa sababu kifungu kinasema mwajiri atalipa. Wakati huohuo rekebisha zamu, ili deni lisiendelee kukua huku unalilipa. Yule mama wa unga alifanya hivyo: Jumamosi watu wake sasa hawaji kabisa, siku tano za saa tisa zinatimiza zile 45, na wiki yenye oda kubwa anawaomba wachache, kwa makubaliano, na kuwalipa.

Mwenyekiti, karatasi zenye kigawanyo na viwango ziko kwa katibu pale mlangoni. Niko tayari kwa maswali, na ningependa tuanze na wenye shule za bweni, kwa sababu matroni wanaolala shuleni sijawagusa, nao wana habari ndefu.